Rudini kwenye wembe mmoja

Kaka zangu na wadogo zangu, leo tuzungumze videvu. Kona hii mmezoea kuniona nikisuluhisha wifi na wifi, au nikimbembeleza aliyechumbiwa akaachwa kwenye mataa, lakini swali hili nimeulizwa na vijana wengi mno, na walioona haya wamewatuma mama zao waniulize. Maneno yanatofautiana, habari ni moja. Kijana ananyoa Jumapili jioni ili Jumatatu aende kazini nadhifu. Jumanne shingo inawasha. Jumatano vipele vimesimama chini ya taya, vingine vina usaha. Vikipona vinaacha madoa meusi, na kabla madoa hayajafifia imefika Jumapili nyingine.

Ameshabadilisha sabuni, ameshabadilisha kinyozi. Ameshapaka krimu aliyoelekezwa na muuza duka, na hapa niseme mapema: krimu nyingi zinazouzwa kwa kunong'onezana zina steroidi kali ndani yake. Zinatuliza kipele siku mbili tatu, kisha ngozi inakuwa nyembamba na tatizo linarudi kwa nguvu. Ziacheni.

Jibu langu ni moja, nalo nitalieleza kwa urefu kwa kuwa ukilifanya nusunusu utasema dada amenidanganya. Rudi kwenye wembe wa zamani. Ule wembe bapa wenye makali pande mbili, unaouzwa kwenye kila duka la mtaani ukiwa umefungwa kikaratasi, utie kwenye mashine ya mkono ya chuma, halafu unyoe kwa maji, brashi na povu la sabuni. Wembe mmoja. Si mbili zilizopangwa pamoja, si tatu, si tano.

Sababu iko kwenye unywele wenyewe. Wengi wetu tuna nywele za kipilipili, na ndevu za kipilipili hazichomozi wima. Unywele unatoka ukiwa umepinda tangu chini, na kadiri unavyokua ndivyo unavyozidi kujiviringa. Ukiukata sawasawa na ngozi, unakua na kutoka kwa amani. Ukiuvuta ndipo ukaukata, ncha yake inarudi ndani ya kinyweleo ikiwa imechongoka upande mmoja, na unapoanza kukua tena hautokei mlangoni, unatoboa ukuta. Kuna mwingine unaotoka vizuri, ukafika nje, halafu ukapinda na kujichoma tena kwenye ngozi milimita chache kutoka ulipoanzia. Mwili ukiona kitu kimeuchoma unapambana nacho. Hapo ndipo panapovimba, panapowasha, panapotunga usaha. Kwa hiyo mdogo wangu, vipele vyako si uchafu, wala si adhabu, na mtu asikuchekee kwamba huogi.

Sasa tazama wembe wa kisasa unavyofanya kazi. Mwaka 1971 kampuni ya Gillette ilitoa kichwa chenye nyembe mbili, mwaka 1998 kikaja chenye nyembe tatu, mwaka 2006 kikaja chenye nyembe tano. Kila toleo lilisifiwa kwamba linanyoa karibu zaidi na ngozi kuliko lililotangulia, na sifa hiyo ni ya kweli. Wembe wa mbele unaugusa unywele na kuuvuta nje kidogo, wa nyuma unaukata kabla haujarudi, na unywele unazama chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele za singa hilo ni raha tupu, shavu linakuwa laini mpaka jioni. Kwa mwenye nywele za kipilipili ndicho kitendo kilekile nilichokieleza hapo juu, kimefanywa kwa ustadi mkubwa na kwa gharama kubwa. Sisemi kwamba vyombo hivyo ni vibaya. Nasema havikutengenezwa kwa kuitazama shingo yako.

Wembe wa pande mbili nao una asili yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwanamume aliyetaka uso laini alikuwa na njia mbili: aende kwa kinyozi, au awe na wembe mrefu wa kukunja ambao kila asubuhi hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi na mara kwa mara hunolewa kwenye kinoo. King Camp Gillette, mfanyabiashara msafiri wa Marekani, alipata wazo mwaka 1895: kwa nini wembe usiwe chuma chembamba cha bei ndogo, kikiisha makali kitupwe? Mafundi wa chuma walimwambia chuma chembamba namna ile hakiwezi kutiwa makali yakakaa. Aliyeliweza jambo hilo ni mhandisi William Nickerson. Kampuni ikaundwa mwaka 1901, na mwaka 1903, walipoanza kuuza, waliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilipita 90,000. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali yake ilinunua mashine zipatazo milioni 3.5 kwa ajili ya askari, na waliorudi salama walirudi nyumbani na desturi ya kujinyoa wenyewe.

Chuma hicho kina unene wa milimita 0.1 hivi, na umbo lake halijabadilika kiasi cha kukusumbua. Ndiyo maana ukikuta mashine ya babu kwenye sanduku la zamani, wembe utakaoununua leo dukani utaingia. Usiitupe. Nyingi zilitengenezwa kwa shaba ya manjano iliyopakwa nikeli, na hazishiki kutu. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua mifereji yake kwa mswaki wa zamani mpaka mabaki ya sabuni ya miaka yote yatoke, suuza, halafu ipanguse kwa spiriti. Itakunyoa, na mwanao ataikuta.

Na kwetu sisi wembe haukuondoka hata siku moja. Tuliuchongea penseli shuleni, fundi cherehani anafumulia mishono, mama anakatia kucha, kinyozi anauvunja katikati ndani ya karatasi yake na kutia nusu kwenye mpini wake. Nacet na Topaz ni majina ya nyembe ambayo mtoto anayajua kabla ya kujua kusoma. Kilichotutoka ni vitu vinavyoufanya wembe uwe salama usoni: mashine, brashi, sabuni yenye povu, na subira. Matokeo yake wapo vijana wanaonyoa kwa wembe mtupu walioushika kwa vidole, kwenye ngozi kavu iliyopakwa mate au maji kidogo, wima mbele ya kioo cha pikipiki. Kisha wanasema wembe wa zamani unakata. Utaachaje kukata?

Baba yangu alinyoa barazani. Kioo kidogo cha mviringo kilining'inia kwenye msumari wa nguzo, chini yake kigoda, juu ya kigoda kikombe cha bati chenye maji ya moto na kibakuli cha sabuni. Alikuwa akitoka kuoga na taulo shingoni, uso ungali unadondoka maji. Brashi ilikuwa imelowekwa tangu alipoingia bafuni. Aliikung'uta mara moja, akaizungusha juu ya sabuni taratibu bila kuikandamiza, kisha akaipeleka usoni na kuendelea kuzungusha, shavu hili, shavu lile, chini ya taya, mpaka asionekane ila macho na pua. Halafu alisubiri. Aliweka brashi chini na kuzungumza nasi, au alisikiliza taarifa ya habari, povu likiwa usoni. Sisi watoto tulidhani amesahau. Alikuwa anaziacha ndevu zinywe maji. Ndipo alipochukua mashine, na ukiwa karibu ulisikia sauti ndogo ya mkwaruzo, mfupi, mfupi, halafu mlio wa chuma ndani ya kikombe akisuuza. Hakuzungumza na mtu wakati huo.

Kule kusubiri ndiko vijana wengi wanakokuruka, na ndiko kazi yote iliko. Wahenga waliosema mwenzako akinyolewa zako tia maji walikuwa wanajua wembe unavyofanya. Ndevu kavu ni ngumu, na wembe ukikutana nazo unazivuta kabla ya kuzikata. Ndevu zilizolowa dakika mbili tatu zinavimba, zinalegea, na zinakatika kwa nguvu ndogo mno. Kwa hiyo nyoa baada ya kuoga. Kama huwezi kuoga, weka taulo lililoloweshwa maji ya moto usoni mpaka lipoe. Hapo hata kabla ya kununua chochote utakuwa umejipunguzia nusu ya mateso.

Povu nalo ni lazima liwe povu la kunyolea. Sabuni ya kuogea inakausha ngozi na povu lake linakufa kabla hujamaliza shavu moja, na wembe unapita mahali pakavu. Tafuta sabuni ya kunyolea ya kipande au krimu ya kunyolea ya tyubu. Ukizungusha brashi vizuri unataka upate kitu kizito kama mtindi, kinachong'aa, kisicho na mapovu makubwa. Likiwa jepesi na lenye mashimo, una maji mengi, ongeza sabuni. Likiwa linakauka na kupasuka usoni, ongeza matone ya maji. Wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani mnaotumia maji ya kisima chenye chumvi, mtasumbuka: sabuni haitoi povu kwenye maji hayo hata uzungushe mpaka mkono uchoke. Teka kikombe kimoja cha maji ya mvua, au maji yoyote matamu, uyaweke kwa ajili ya kunyolea tu. Kikombe kimoja kinatosha.

Kuhusu brashi, ndugu zangu Waislamu mwangalie. Brashi nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, na si kila muuzaji atakwambia. Uliza, soma kasha, na ukiwa na shaka chukua ya nyuzi za kiwandani. Hutakosa kitu, kwa sababu za siku hizi zinatoa povu zuri na zinakauka haraka kuliko manyoya. Ukimaliza isuuze, ikung'ute, na uitundike manyoya yakitazama chini. Kama hujapata brashi kabisa, krimu unaweza kuifikicha kwa vidole. Si sawa na brashi, lakini ni bora mara kumi kuliko kunyoa kwenye ngozi kavu.

Sasa wembe. Siku ya kwanza nyoa mashavu tu, kwa sababu mashavu ni bapa na yanasamehe. Shingo na kidevu maliza kwa namna uliyozoea mpaka mkono uzoee. Na usianze Jumatatu asubuhi daladala zikikungoja.

Laza kichwa cha mashine juu ya shavu, mpini ukielekea pembeni, halafu ushushe mpini polepole mpaka uhisi makali yamegusa. Hapo uko kwenye nyuzi 30 hivi, na hapo pasiondoke. Vuta vipande vifupi, vya upana wa vidole viwili, kisha suuza. Usikandamize. Wale mnaotoka kwenye wembe wa plastiki mikono yenu imezoea kusukuma, kwa sababu chombo chenyewe ni chepesi na kichwa chake kinayumba. Mashine ya chuma ina uzito wake, na uzito ule ndio unaokata. Kazi yako ni kuongoza. Kila aliyejikata kwa mashine hii alikandamiza au aliipitisha kwa upande badala ya kuivuta chini.

Kisha kuna mwelekeo, na hapa nawaomba mtulie nami. Ndevu hazioti upande mmoja. Ziache siku mbili, halafu pitisha vidole usoni kwa kila upande. Upande ambao vidole vinateleza, ndiko ndevu zinakolala. Upande unaokwaruza, ndiko zinakotoka. Kwa watu wengi mashavuni zinashuka chini, lakini shingoni ni vurugu: kuna sehemu zinapanda juu kuelekea kidevu, kuna sehemu zinalala pembeni, na karibu na kikoromeo zinaweza hata kuzunguka. Mwanamume anaweza kufika umri wa miaka 40 hajui shingo yake imeota vipi, miaka yote ananyoa shingo kutoka juu kwenda chini, kinyume na ndevu zake, na kila wiki anashangaa vipele vinatoka palepale. Jichore ramani kichwani, na nyoa ukifuata zinakolala. Mwenye vipele asinyoe kinyume cha ndevu hata siku ya harusi yake. Asiivute ngozi ikakaza wakati wa kunyoa, maana kuivuta ni kuupa wembe nafasi ya kukata chini zaidi. Apite mara moja. Ngozi ikishatulia baada ya miezi, anaweza kupaka povu upya na kupita mara ya pili kwa kukatisha, si kwa kurudi nyuma. Na mahali ambapo povu limeisha wembe usirudi.

Hutakuwa laini hadi kiasi cha mtoto kuteleza shavuni. Kubali. Kuna kivuli kidogo cha ndevu kitakachobaki, na hicho kivuli ndicho kinachokulinda.

Ukimaliza suuza kwa maji ya baridi. Halafu chukua shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa linalouzwa kwenye maduka ya dawa za asili, liloweshe maji, lipitishe usoni taratibu. Litauma kidogo mahali ulipokwaruza, na hapo litakufundisha ni wapi ulikandamiza. Shabu inabana ngozi na kuzuia damu ya mikato midogo. Acha dakika moja, suuza, pangusa kwa kugusa bila kusugua, paka mafuta mepesi. Manukato makali na spiriti usoni kila siku sioni faida yake. Vinakausha ngozi ambayo tayari imepitiwa na chuma.

Wembe ubadilishe baada ya kunyoa mara tatu hadi tano, au mara tu unapoanza kuhisi unavuta. Usiupanguse kwa taulo, utaharibu makali na pengine vidole. Suuza, kung'uta, acha mashine ikauke. Nyembe za zamani zilikuwa za chuma kinachoshika kutu usiku mmoja. Tangu Wilkinson Sword ya Uingereza ilipotoa wembe wa chuma kisichoshika kutu mwaka 1962, viwanda vingine vikafuata, shida hiyo imepungua. Nyembe pia hazifanani. Kuna kali sana, kuna za upole, na uso wako peke yake ndio utakaochagua. Nunua aina mbili tatu, bei yake haikuumizi.

Na tukifika kwenye bei, fanya hesabu mwenyewe dukani. Kichwa kimoja cha wembe wa kisasa kinanunua nyembe za pande mbili za kukutosha miezi. Gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye mashine na brashi, na hizo hununui tena. Nawaambia wake na wachumba mnaouliza zawadi ya kumpa mwanamume asiyependa mashati: mpe mashine ya chuma ya vipande vitatu, brashi na sabuni. Ya vipande vitatu ni rahisi kusafisha na haina kitu cha kuharibika.

Wembe mrefu wa kukunja je? Nimeulizwa hilo pia, hasa na vijana walioona video. Ni chombo kizuri, na miji ya Solingen kule Ujerumani na Sheffield kule Uingereza ilijipatia jina duniani kwa kutengeneza vyuma vya namna hiyo. Lakini unataka mkanda wa ngozi, kinoo, mkono uliofunzwa na muda kila asubuhi. Mwenye mapenzi nao ajifunze kwa aliyebobea. Kwa kijana anayetafuta nafuu ya vipele, mashine ya mkono inamtosha.

Dada zangu nanyi msidhani mmesahauliwa. Gillette walitoa mashine ya kwanza ya wanawake mwaka 1915, wakaiita Milady Décolleté, nayo ilitumia wembe uleule wa pande mbili. Mimi nanyoa makwapa kwa mashine ya chuma na sijaona sababu ya kurudi kwenye plastiki. Kwapani nywele zinaota pande kadhaa, kwa hiyo fuata kila upande kwa zamu yake, mkono ukiwa umeinuliwa ngozi isikunjamane lakini isikazwe. Goti na kifundo cha mguu ni mahali pa kwenda polepole. Usipake dawa ya kuzuia jasho papo hapo. Nyoa usiku, upake asubuhi. Na bibi harusi asinyoe kisha akasuguliwa singo siku hiyohiyo. Ngozi itamwaka moto na usiku wa furaha utakuwa wa kujikuna. Anyoe siku mbili kabla.

Wapo ambao wembe wowote hauwafai, na sitaki kuwadanganya. Kama vipele viko usoni sasa hivi, usianze leo. Acha kunyoa wiki tatu nne mpaka ngozi ipoe, ukipunguza ndevu kwa mkasi au kwa mashine ya umeme isiyogusa ngozi. Vipele usivichokonoe kwa pini. Unywele uliojizungusha ukauona juu ya ngozi unaweza kuuinua kwa ncha ya kibano kilichosafishwa kwa spiriti, lakini usiung'oe. Kama vipele vyako vinageuka makovu magumu yanayoendelea kukua, kidevuni au kisogoni pale kinyozi anapomalizia, weka wembe chini kabisa na umwone daktari wa ngozi. Kwenye hospitali ya KCMC pale Moshi kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kimekuwepo tangu mwaka 1992, na madaktari na wataalamu waliosomea pale wamesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Makovu ya namna hiyo yakishughulikiwa mapema yana nafuu. Yakiachwa miaka, kazi inakuwa kubwa.

Wembe uliokwisha nao usiutupe hivihivi. Hili linanigusa sana kwa sababu nimeona mikono ya vijana wanaozoa taka mitaani. Wanabeba mifuko kwa mikono mitupu, na wembe mmoja uliotupwa ndani ya mfuko wa maganda unamfungua mtu kiganja. Chukua kopo la maziwa lisilofunguliwa juu, toa maziwa kwa tundu, kata mwanya mwembamba wa kuingiza wembe, uliweke juu mahali ambapo mtoto hafiki. Kopo moja linakaa miaka. Kule Marekani nyumba nyingi za zamani zilijengwa zikiwa na mwanya nyuma ya kabati la bafuni, wembe unadondoka ndani ya ukuta na kubaki humo. Wanaobomoa nyumba hizo mpaka leo wanakuta marundo. Kopo ni bora. Likijaa, ligongee mwanya kwa nyundo na umkabidhi mzoa taka mkononi ukimwambia ndani mna nini. Msafiri wa ndege naye akumbuke: nyembe ziende kwenye mzigo mkubwa, si kwenye mkoba wa mkononi.

Nimebakisha la kushirikiana. Tuliozaliwa kabla ya miaka ya 1990 tulikua tukisikia redioni kila siku kwamba wembe mmoja usitumiwe na watu wawili, kwa sababu ya Ukimwi. Siku hizi tangazo limenyamaza na watu wamelegea. Nasikia mabwenini chumba kizima kinatumia mashine moja, mume na mke wanatumia wembe mmoja, kinyozi anapangusa makali kwa spiriti na kumwita anayefuata. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na huhitaji kuona damu kwenye wembe ili viwepo. Watoto wachanga wanapata chanjo yake kliniki; wewe mtu mzima kaulize kituo cha afya kama umeshaipata, upimwe na uchanjwe. Ukienda kwa kinyozi nenda na wembe wako mfukoni, au ufunguliwe mpya mbele ya macho yako, na usione haya kumwambia. Kinyozi anayejua kazi hakasiriki.

Bwenini hali ikiwa ngumu, mashine mnaweza kukopeshana baada ya kuiosha kwa spiriti, japo ningependa kila mmoja awe na yake. Wembe haukopeshwi. Mwenzako akikuomba, mpe mpya ungali ndani ya karatasi yake, na usiupokee akikurudishia.